Kuhamishia samaki mkali kwenye tangi jipya

Kuhamishia samaki mkali kwenye tangi jipya ni kazi katika ufugaji wa samaki wa mapambo ambapo samaki mwenye tabia ya kupigania eneo hutolewa katika tangi alilozoea na kuwekwa katika tangi lililoandaliwa karibuni. Mara nyingi hufanyika kwa sababu samaki huyo anawajeruhi wenzake au amekuwa mkubwa kuliko nafasi iliyopo. Hatari zake ni mbili. Kwanza, tangi jipya halina bakteria wa kutosha kuondoa sumu zinazotoka mwilini mwa samaki. Pili, mipaka ya maeneo haijawekwa, hivyo ugomvi unaweza kuanza upya.

Mfano unaojulikana sana ni ule wa mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa (Ziwa Malawi), ambao hufugwa katika nchi nyingi duniani.

Tabia ya mbuna

Mbuna ni kundi la samaki wadogo wa familia Cichlidae, familia moja na perege na sato. Jina lao linatokana na wenyeji wa kando ya ziwa upande wa Malawi. Wengi wao huishi kwenye miamba na kula mwani unaoota juu ya mawe. Kwa kuwa chakula na mapango ya kujificha viko mahali pamoja, dume hulinda sehemu yake na kuwafukuza madume wengine, hasa wale wanaofanana naye kwa rangi.

Miongoni mwa walio wakali zaidi ni Melanochromis auratus, anayepatikana sehemu za kusini za ziwa. Hufikia urefu wa sentimita 11 hivi. Majike na samaki wachanga wana rangi ya manjano na michirizi myeusi, lakini dume aliyekomaa na kutawala hugeuka kuwa na mwili mweusi wenye michirizi ya rangi hafifu. Jike huatamia mayai kinywani kwa muda wa wiki tatu hivi.

Ziwani samaki aliyeshindwa hukimbia mita kadhaa na ugomvi huishia hapo. Katika tangi hana pa kukimbilia. Hufukuzwa mchana kutwa, huacha kula, na anaweza kufa hata bila jeraha kubwa.

Kemia ya tangi jipya

Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua. Mabaki ya chakula na kinyesi vikioza huongeza amonia nyingine. Katika tangi lililokaa muda mrefu, bakteria wanaoishi kwenye chujio, changarawe na mawe huibadilisha amonia kuwa nitriti. Bakteria wengine, hasa wa jenasi Nitrospira, huibadilisha nitriti kuwa nitrati, ambayo ina madhara madogo na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Amonia na nitriti ni sumu hata zikiwa kidogo.

Bakteria hao huongezeka polepole. Kwa kawaida tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla halijaweza kuhudumia samaki. Maji yanaweza kuonekana safi kabisa huku yakiwa na sumu, kwa sababu amonia na nitriti hazionekani kwa macho.

Kwa mbuna hatari ni kubwa zaidi. Ziwa Nyasa lina maji ya kibesi, yenye pH ya takribani 7.7 hadi 8.6, na wafugaji hujaribu kuiga hali hiyo. Amonia majini huwa katika namna mbili: amonia yenyewe, ambayo ni sumu kali, na amonia iliyobadilika kuwa ioni ya amoni, ambayo madhara yake ni madogo. Katika halijoto ya sentigredi 25, sehemu iliyo sumu kali ni chini ya asilimia 1 ya jumla maji yakiwa na pH 7. Katika pH 8 hufikia takribani asilimia 5, na katika pH 8.5 takribani asilimia 15. Kwa hiyo kiasi ambacho samaki wa maji yasiyo ya kibesi angekivumilia kinaweza kumuua mbuna.

Kuandaa tangi

Njia salama ni kukuza bakteria kabla samaki hajaingia. Chujio huwashwa, maji hupashwa joto, na amonia kidogo isiyo na sabuni wala manukato huongezwa. Tangi huhesabiwa kuwa tayari pale amonia iliyoongezwa inapokwisha ndani ya saa 24 na kipimo cha nitriti kuonyesha sifuri.

Mfugaji mwenye tangi la zamani anaweza kufupisha muda huo kwa kuhamisha sehemu ya sifongo au mawe ya chujio lake. Vitu hivyo huwekwa majini muda wote, kwani bakteria hufa vikikauka, na havioshwi kwa maji ya bomba yenye klorini. Kuhamisha maji ya zamani peke yake hakusaidii sana, kwa sababu bakteria wengi hung'ang'ania juu ya vitu na wachache tu ndio wanaoelea. Sifongo yote haichukuliwi, maana tangi la zamani nalo litabaki bila kinga.

Maji ya bomba huondolewa klorini kabla ya kutumika. Kuyaacha wazi siku nzima kunatosha kwa klorini, lakini si kwa kloramini, ambayo huhitaji dawa maalumu.

Mawe huwekwa moja kwa moja juu ya sakafu ya tangi kabla ya mchanga. Mbuna huchimba, na mawe yaliyowekwa juu ya mchanga yanaweza kuporomoka. Tangi pia huhitaji kifuniko, kwa kuwa samaki anayefukuzwa huruka.

Siku ya kuhamisha

Samaki hakamatwi kwa wavu peke yake ikiwa inawezekana kumwelekeza kwenye chombo, kwa sababu miiba ya mapezi yake hunasa katika nyuzi. Kama matangi yako nyumba moja na maji yake yanafanana kwa joto na pH, kazi huisha kwa dakika chache.

Samaki aliyesafirishwa saa nyingi ndani ya mfuko huhitaji uangalifu zaidi. Hewa ya kaboni anayoitoa hushusha pH ya maji ya mfukoni, na hivyo amonia inayojikusanya haimdhuru sana. Mfuko ukifunguliwa, hewa hiyo hutoka, pH hupanda, na amonia hugeuka sumu kali. Kwa sababu hiyo mfuko huelezwa juu ya maji ya tangi ukiwa umefungwa hadi joto lilingane, kisha samaki hutolewa bila kuchelewa. Maji ya mfuko hayamwagwi ndani ya tangi.

Kupunguza ugomvi

Samaki aliyetangulia mahali hupigana kwa nguvu zaidi kuliko mgeni. Mkali akiwekwa peke yake kwanza, hulichukua tangi lote, na kila anayeletwa baadaye hukutana na mwenye nyumba. Ndiyo maana wapole huingizwa mapema na mkali huwa wa mwisho. Kama tayari yumo, mawe hupangwa upya siku wenzake wanapoingia ili mipaka yake ya zamani ipotee.

Dume mmoja huwekwa na majike kadhaa, ili jike mmoja asibebe mashambulizi yote. Mapango hupaswa kuwa mengi kuliko samaki. Kumwondoa mkali hakumalizi ugomvi katika tangi la zamani kila mara, kwani dume wa pili anaweza kushika nafasi yake katika siku chache.

Dalili za hatari

Katika wiki za kwanza maji hupimwa kila siku. Samaki anayepumua haraka karibu na uso wa maji, au mwenye matamvua mekundu, huenda ana tatizo la amonia. Nitriti huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, na matamvua huwa na rangi ya kahawia. Hatua ya kwanza ni kubadilisha sehemu kubwa ya maji kwa maji yasiyo na klorini na kupunguza chakula. Chumvi kidogo husaidia dhidi ya nitriti, kwa sababu kloridi huizuia kuingia kupitia matamvua.

Mapezi yaliyochanika, magamba yaliyong'oka na samaki anayejibanza pembeni juu ya maji ni dalili za kupigwa. Aliyejeruhiwa hutengwa.

Kuachia samaki majini

Mkali asiyetakiwa hapaswi kutupwa mtoni au ziwani. Ndani ya Ziwa Nyasa kwenyewe, katika kisiwa cha Thumbi West, aina zilizohamishwa kutoka sehemu nyingine za ziwa kwa ajili ya biashara ya samaki wa mapambo zilistawi karibu na wenyeji, na baadhi zimezaliana nao. Samaki wa namna hiyo hupewa mfugaji mwingine au hutengewa tangi lake.