Kisanga si Kasenga: historia ya vyumba na sauti, toka Boston mpaka Lubumbashi



Wengi wenu mnanijua kwa sauti tu. Leo naandika, sababu kuna kosa moja nililofanya mwenyewe kazini, na nataka mlijue.

Msimu wa mvua nilikwenda kurekodi mama mmoja aliyekimbia kijiji chake. Alikuwa analala pamoja na familia zingine ndani ya ukumbi mkubwa: kuta za simenti tupu, sakafu ya simenti, mabati juu, hakuna dari. Alikuwa anatafuta mtoto wake wa kiume, miaka 11. Walipoteana kwenye barabara ya Kasenga. Niliweka mikro juu ya meza, mama akasema, nikamshukuru, nikaenda. Jioni tangazo likapita hewani.

Wasikilizaji walisikia Kisanga. Kwa siku mbili watu wema wa Kisanga, hapa hapa kando ya mji, waliuliza nyumba kwa nyumba. Mtoto alikuwa Kasenga, mbali kabisa, karibu na mto Luapula.

Nilianza kulaumu mashine. Fundi wetu mzee alisikiliza rekodi mara moja tu, akaniambia: “Mdogo wangu, mashine haina kosa. Ni chumba kilichosema kwa nafasi ya mama.” Tangu siku ile nimekuwa nasoma na kuuliza: chumba kinasemaje? Na je, hizi kompyuta tulizo nazo leo hazikuweza kuokoa lile jina?

Mito ya viti ya Boston

Watu walijua tangu zamani kwamba vyumba vingine vinasikika vizuri na vingine vibaya, lakini hawakujua sababu. Mwaka 1895, kwenye chuo kikuu cha Harvard, Marekani, kulikuwa ukumbi mpya wa masomo ambamo wanafunzi hawakuelewa neno la mwalimu. Kazi ya kuutengeneza ilipewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, ambaye hakuwa bado na miaka 30.

Sabine alifanya kazi usiku, wakati mji umenyamaza. Alipiga filimbi ya kinanda, akaizima, akahesabu kwa saa muda gani sauti inabaki chumbani kabla ya kufa. Ilibaki zaidi ya sekunde 5. Basi fikirini: mtu anasema maneno kumi, na neno la kwanza bado linazunguka kwenye kuta wakati anataja la kumi. Kisha Sabine na wasaidizi wake wakabeba mito ya viti toka ukumbi mwingine wa chuo, wakaipanga humo kidogo kidogo, wakipima kila mara. Mito ilipojaa, sauti ilikufa kwa sekunde 1 na kidogo. Kabla ya asubuhi mito ilipaswa kurudi mahali pake.

Kwa kazi ile alipata kanuni ambayo wajenzi wanaitumia mpaka leo. Chumba kikubwa kinashika sauti muda mrefu. Vitu laini ndani yake, kama nguo, mito, pazia, hata miili ya watu, vinaikata. Ukumbi wa muziki wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulijengwa kwa kufuata hesabu zake. Hapo ndipo masikio ya jengo yalianza kupimwa kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Likasi, 1952: nje hakuna ukuta

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville. Katika miaka ya 1920 kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo lilikuwa limekwisha simama. Kila aliyeimba kwaya ndani ya kanisa kubwa anajua: wimbo unapenda mwangwi, mahubiri hayaupendi. Padri anajifunza kusema polepole, sababu ukuta nao una neno lake.

Lakini sauti ya Katanga iliyotembea mbali kuliko zote katika miaka ile ilikutwa njiani, siyo kanisani. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika kukusanya muziki, alimkuta kijana Mwenda Jean Bosco na gitaa lake kule Jadotville, yaani Likasi ya leo. Alimrekodi, na wimbo wake “Masanga” ukaingia kwenye sahani na kusikika nchi nyingi. Mapiga gitaa wa Kenya na wa nchi zingine walijifunza vidole vya Mwenda kwa kusikiliza tu.

Tracey alikuwa na desturi ya kushika mikro mkononi na kuisogeza karibu na ala au mdomo. Na kazi yake nyingi aliifanya nje ya majengo. Mahali pa wazi sauti inatoka, inapita, hairudi, kwa hiyo kila kamba inabaki peke yake, safi. Mtu asiye na ukumbi mzuri anaweza kufanya kazi nzuri kama anajua kusogea karibu.

Mwaka 1956: ukumbi, na nani anaingia

Mwaka 1956 Elisabethville ilipata ukumbi wake wa tamthilia, kazi ya msanifu majengo Mbelgiji Claude Strebelle na wenzake wa kundi la Yenga. Ukumbi wa namna ile unajengwa kwa kazi moja kubwa: mtu aliye jukwaani aseme, na yule wa kiti cha mwisho nyuma aelewe. Umbo la kuta, mteremko wa viti, mbao na vitambaa, vyote vinatumikia sikio.

Lakini sikio la nani? Wakati ule Wazungu walikaa mjini, na Waafrika walikaa kwenye cité, Kamalondo na Kenya. Kule komini ya Kenya ndiko walikozaliwa Jecoke, vijana wachekeshaji wa Kenya, pamoja na Edouard Masengo. Wao walicheza na kuimba kwenye viwanja na mabaa, na walijifunza kusikika kwa nguvu ya kifua.

Baada ya uhuru jengo lile lilibadili kazi. Leo tunaliita Bâtiment du 30 Juin, na ndimo wabunge wa jimbo wanamokaa. Mimi naona si jambo dogo: ukumbi uliojengwa ili waigizaji wasikike umekuwa nyumba ya watu wanaosema kwa jina letu.

Redio na plato za mayai

Redio ilivunja ukuta wa cité na mji. Kundi la Mufwankolo liliingiza Kiswahili cha Lubumbashi ndani ya kila nyumba, kwenye redio na kisha televisheni, bila kumwuliza mtu tiketi. Redioni mlango, jiko, bwana mlevi anayerudi usiku, vyote ni sauti tu. Kwa hiyo chumba cha kurekodia kinapaswa kunyamaza, ili msikilizaji ajijengee chumba chake kichwani.

Mwaka 2002, tarehe 25 Februari, Radio Okapi ilianza kusema kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne, wakati nchi ilikuwa bado imekatwa vipande na vita. Katika miaka hiyo redio nyingi ndogo zilifungua milango, na pesa ya studio ya kweli haikuwepo. Ndipo mkaona vyumba vimebandikwa plato za karatasi za mayai toka chini mpaka juu.

Niseme ukweli kuhusu zile plato, hata kama tumezizoea. Zinapunguza kidogo sauti nyembamba, kama s na sh. Sauti nene zinapita tu, na jenereta ya jirani itaingia kama kawaida, sababu kuzuia sauti isiingie kunataka uzito: ukuta mnene, mlango mzito usio na nafasi. Kufyonza mwangwi wa ndani kunataka ulaini na unene: matela, blangeti, nguo. Hizo ni kazi mbili tofauti, na plato ya mayai haiwezi moja wala nyingine sawasawa. Zaidi ya hayo inashika moto haraka.

Kompyuta inapoanza kusikia

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Manfred Schroeder, Mjerumani aliyefanya kazi Marekani kwenye maabara za Bell, alionyesha kwamba mwangwi wa chumba unaweza kutengenezwa kwa hesabu ndani ya kompyuta, bila chumba chenyewe. Mwaka 1968 wataalamu watatu wa Trondheim, nchini Norwe, waliandika namna ya kufuata njia za sauti kwenye mchoro wa ukumbi: mstari unapiga ukuta, unaruka, unapiga dari, unafika kwenye kiti. Toka hapo mjenzi aliweza kujua ukumbi utasikika namna gani kabla haujajengwa.

Ukumbi wa Elbphilharmonie kule Hamburg, Ujerumani, uliofunguliwa Januari 2017, umevikwa ndani vipande karibu 10,000 vya jasi. Kompyuta ilichora mashimo ya kila kipande, na hakuna viwili vinavyofanana. Mjapani Yasuhisa Toyota alisimamia upande wa sauti. Mashimo yale yanatawanya sauti ili isirudi kama pigo moja.

Sisi hatuna Hamburg. Lakini simu iliyo mfukoni inaweza leo kufanya kazi ya Sabine: unapiga makofi mara moja katikati ya chumba, programu inahesabu sauti imebaki muda gani. Na kompyuta ya redio inaweza kuondoa mlio wa jenereta, sababu mlio ule haubadiliki, mashine inautambua na kuutoa.

Mwangwi ni shida nyingine. Mwangwi ni sauti ya mama yule yule, imechelewa kidogo, imelala juu ya neno linalofuata. Nilijaribu kusafisha ile rekodi. Ilitoka laini, ya kupendeza, na bado sikujua kama ni Kisanga au Kasenga. Programu mpya zinaweza kujaribu zaidi, lakini mahali pasiposikika zinabahatisha. Kwa wimbo, kubahatisha si kitu. Kwa jina la mahali alipopotea mtoto, ni hatari.

Tulivyorudi

Tulirudi ukumbini na fundi. Alining'iniza mablangeti mawili kwenye kamba, pembeni, mbali na ukuta mtupu. Akaita mama wengine wakae karibu, sababu watu nao wanafyonza sauti. Mikro ikawa shubiri moja toka mdomoni. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inayotoka moja kwa moja mdomoni inapata nguvu mara nne, na mwangwi unabaki pale pale. Mvua ilipoanza juu ya mabati tulingoja, sababu hakuna mashine inayoshinda ile. Mwishoni fundi alimwambia mama: “Mama, taja jina la mahali mara mbili, kisha utaje kilicho karibu.” Akasema: Kasenga, Kasenga, kule kwenye mto Luapula.

Kesho yake simu ililia toka Kasenga. Mtoto alikuwa kwa familia ya wavuvi.

Kwa hiyo ninawaomba. Nyinyi mnaojenga kumbi, makanisa na shule, wekeni dari na pazia kabla ya kununua spika kubwa. Spika kubwa kwenye chumba kibaya inaongeza mwangwi tu. Nyinyi wenzangu wa redio, sikilizeni rekodi kwa masikio ya mtu asiyemjua anayesema, kabla hamjaondoka mahali pale. Na nyinyi familia mnaotafuta watu wenu, mkituona tunaweka mikro juu ya meza na kukaa mbali, tuambieni: sogea karibu.