Pakiti zikigongana, nani apishe?

Wiki jana programu yangu ya kuiga mtandao usio na waya ilikwama usiku kucha. Vituo viwili vilituma pakiti pamoja, zikagongana, vikasubiri milisekunde 10, zikagongana tena! Kosa langu: nilivipa muda sawa.

Dawa yake ni ya zamani, jamani. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha ALOHAnet kwa redio. Kituo kisipopata jibu, kilisubiri muda wa kubahatisha, kisha kikarudia. Lakini chaneli ilibeba asilimia 18 tu ya uwezo wake. Ethernet ya Robert Metcalfe ikaongeza akili: kila mgongano, upeo wa kubahatisha huongezeka maradufu. Wi-Fi ya 1997 ikarithi.

Nami nikabadilisha mstari mmoja. Pakiti zikapita.