Udhibiti wa matoleo katika uunganishaji wa data

Udhibiti wa matoleo ni utaratibu wa kutunza kila badiliko la faili za mradi: nani alibadilisha, lini na kwa nini. Programu inayotumika zaidi ni Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux.

Katika kuunganisha data kazi huwa ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi njia ya data huchorwa kwa kipanya badala ya kuandikwa. Pentaho Data Integration, kwa mfano, huhifadhi michoro hiyo katika faili za XML zinazoishia na .ktr au .kjb. Humo zimo hata nafasi za alama za hatua za mchoro kwenye skrini: ukisogeza alama moja tu, Git huonyesha mistari ya xloc na yloc imebadilika, ilhali data inapita kama zamani. Watu wawili wakihariri mchoro mmoja kwa wakati mmoja, kuoanisha kazi zao ni shughuli pevu. Kwa hiyo, heri kuugawa mchoro mkubwa kuwa midogo. Pia, nywila za hifadhidata zisiingie kamwe kwenye hazina ya Git, yaani mahali faili za mradi zinapotunzwa. Mchoro utaje jina la kigeu cha nywila tu, na thamani yake ibaki katika faili ya mipangilio ya Pentaho, kettle.properties, ya kila seva.