Baba wa Shamba la Kazi Mingi

Tarehe 20 Oktoba 1968, basi lililompakia mkimbiaji Mkenya Kipchoge Keino lilikwama kwenye msongamano wa magari jijini Mexico City. Fainali ya mita 1,500 ya Olimpiki ilikuwa inakaribia. Keino akashuka, akaimaliza njia kwa miguu yake mwenyewe mpaka uwanjani, kisha akaingia kwenye mstari na kumshinda Mmarekani Jim Ryun, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia, kwa karibu mita 20. Saa ilionyesha dakika 3 na sekunde 34.9.

Madaktari walikuwa wamemkataza kukimbia. Kibofu chake cha nyongo kilikuwa kinamuuma kiasi kwamba katika mita 10,000, wiki moja kabla, alianguka pembeni ya njia huku mizunguko miwili hivi ikibaki. Mbio zile zilimpa Naftali Temu dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Keino hakupanda ndege kurudi nyumbani. Alichukua fedha katika mita 5,000, na ukijumlisha mchujo na fainali, alikuwa amesimama kwenye mstari wa kuanzia mara sita ndani ya siku nane.

Kisa hiki Wakenya wamekisikia tangu shule ya msingi. Kisichotajwa sana ni kwamba siku hiyohiyo ya dhahabu alizaliwa binti yake huko nyumbani, akapewa jina la Olympia. Hata siku ile kubwa kuliko zote uwanjani, Keino alikuwa pia baba aliye mbali na familia yake, na maisha yake yaliyofuata ni kana kwamba aliamua kulipa deni hilo kwa watoto wengi kuliko wake.

Alizaliwa Januari 1940 kijijini Kipsamo, katika nchi ya Wanandi. Akajiunga na polisi, na huko Kiganjo, karibu na Nyeri, akawa mkufunzi wa mazoezi ya viungo. Polisi na jeshi ndizo zilizokuwa mlango wa riadha kwa vijana wa wakati ule: mshahara, sare, viatu, na ofisa wa kukuruhusu uende mashindanoni. Mwaka 1962 alikwenda Perth kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola akarudi mikono mitupu. Miaka mitatu baadaye, Helsingborg nchini Uswidi, aliivunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 kwa zaidi ya sekunde sita, jambo ambalo hata leo linaonekana kama makosa ya mwenye saa. Kabla ya mwaka 1965 kwisha alikuwa na rekodi ya mita 5,000 pia. Munich 1972 alijitosa kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mbio ambazo hakuwa na uzoefu nazo, akatwaa dhahabu mbele ya Mkenya mwenzake Ben Jipcho.

Jipcho anastahili kituo kidogo hapa. Ndiye aliyejitoa kule Mexico kuupeleka mzunguko wa kwanza kwa kasi kali ili Ryun, maarufu kwa kumaliza kwa nguvu, akose pumzi za mwisho. Mtoto wa Keino, Martin, alikuja kuifanya kazi hiyohiyo kuwa riziki: alikimbia Marekani akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kisha akajulikana duniani kwa kuwavuta wenzake kwenye rekodi na kuwaachia njia. Baba alishinda kwa msaada wa mtangulizi, mwana akawa mtangulizi wa wengine.

Medali za enzi zile hazikuwa na fedha nyuma yake. Mwaka 1973 Keino alijiunga na wakimbiaji wa kulipwa nchini Marekani. Kule Eldoret, yeye na mkewe Phyllis, muuguzi kwa taaluma, walikuwa wameanza kuwapokea watoto wasio na wazazi. Mmoja akaleta mwingine, nyumba ikawa makao, na makao yakahitaji shamba la kuyalisha. Phyllis ndiye aliyeyabeba siku kwa siku: mtoto anayeugua saa nane za usiku, karo, sare, sufuria za uji. Waandishi wa nje walipenda kumpiga picha Keino akiwa katikati ya watoto, na mwaka 1987 jarida la Sports Illustrated lilimweka miongoni mwa wanamichezo wanane waliotuzwa kwa kuwajali wengine. Sufuria hazikupigwa picha.

Shamba la familia linaitwa Kazi Mingi, na jina halidanganyi. Mwaka 1999 ilifunguliwa shule ya msingi yenye jina la Keino, na mwaka 2009 ikafuata ya sekondari. Kwenye ardhi hiyohiyo kilijengwa kituo cha mazoezi kilichoungwa mkono na shirikisho la riadha la dunia, ambako vijana wa mataifa mengine ya Afrika walikuja kukimbia kwenye hewa nyepesi ya nyanda za juu. Leo bingwa wa Bonde la Ufa akipata fedha, watu hutazamia ajenge darasa au alipie watoto wa jirani karo. Keino ni miongoni mwa waliotangulia kuonyesha njia hiyo.

Agosti 2016, kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio, aliingia Maracanã akiwa na watoto waliobeba tiara nyeupe, akawa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya Olympic Laurel. Miezi hiyohiyo, kamati ya Olimpiki ya Kenya aliyoiongoza tangu 1999 iliingia kwenye kashfa ya fedha na sare za wanamichezo. Aliondoka uongozini mwaka 2017, na mwaka uliofuata mwendesha mashtaka mkuu aliamua asishtakiwe. Anayemwandika Keino hana budi kuyaweka yote mawili kwenye ukurasa mmoja.

Rekodi yake ya mita 3,000 ilidumu mpaka 1972, alipoivunja Mbelgiji Emiel Puttemans. Uwanja wa Eldoret una jina la Kipchoge Keino. Phyllis, aliyekuwa nusu ya kazi yote, anastahili jina lake liandikwe kando ya la mumewe kila historia hii inaposimuliwa.