Marikebu Zilizopita Nakuru

Mtu asimamaye Kaptembwo, magharibi mwa mji wa Nakuru, hadhani kwamba elimu ya marikebu imepata kupita jirani naye. Na lau si reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, asingekosea. Kwa reli hiyo marikebu mbili, Rusinga na Usoga, zilizoundwa Paisley huko Scotland mwaka 1913, zilichukuliwa vipande vipande kutoka Mombasa, zikavuka Bonde la Ufa na milima ya Mau, hata zikaungwa upya kando ya ziwa la Nyanza.

Hapo ndipo idhihirikapo haja ya mkaguzi wa vyombo, kwa kuwa marikebu iliyoungwa mara mbili ni mithili ya ushahidi wa watu wawili: kila nusu yaweza kuwa kweli, na jumla ikawa uwongo. Mkaguzi huyu, aghalabu mhandisi au nahodha aliyezeekea baharini (na wa vitabuni tu simwamini), huingia ngamani na taa, akagonga mabamba kwa nyundo na kusikiliza. Bamba zima hulia, lililoliwa na kutu huguna. Manahodha wa majahazi huko pwani nao walikagua hivyo hivyo, chombo kimepwelewa, wakipapasa mkuku, mataruma na kalafati kabla ya maji kujaa.