Pombe ya Noeli katika Nchi ya Norwei

Siku chache kabla ya Noeli iliyopita mama mmoja mzee alitujia nyumbani. Akaketi, akapumzika kidogo, kisha akasema: «Mwalimu, mwanangu, niambie kweli. Wajukuu wangu wanarudi kwa sikukuu. Ulezi ninao, chungu ninacho. Nikipika pombe ya Noeli, je, ninamkosea Mungu?»

Hatukumjibu upesi. Katika miaka yetu ya kufundisha dini tumeona nyumba nyingi zilizovunjwa na ulevi, hata tumezoea kulitaja neno pombe kwa uso wa hasira. Lakini mama huyu si mlevi. Alitaka tu kuwapa watoto wake kitu alichopewa na mama yake. Tulimwambia: «Mama, utupe siku mbili.» Ndipo tukakumbuka habari za nchi moja ya mbali, ambako zamani swali hilo lilikuwa limegeuzwa. Huko aliyeshtakiwa alikuwa yule asiyepika pombe ya Noeli. Habari hizo ndizo tunazotaka kuwasimulia leo.

Mfalme na sikukuu mbili

Norwei ni nchi ya kaskazini kabisa ya Ulaya, yenye milima mirefu na mikono ya bahari inayoingia mbali ndani ya mabonde. Mwezi wa Desemba jua lake huonekana saa chache tu, na sehemu za juu halionekani kabisa. Watu wa huko, kabla hawajapokea dini, walikuwa na sikukuu katikati ya baridi, iitwayo jol. Walichinja wanyama, wakanywa pombe ya shayiri, wakiwaomba miungu yao mavuno na amani.

Karibu na mwaka 934 alitawala mfalme Håkon, aliyeitwa Mwema. Yeye alilelewa Uingereza katika nyumba ya mfalme Athelstan, akabatizwa huko. Aliporudi kwao alikuta watu wake wote karibu ni wapagani. Afanye nini? Snorri Sturluson, mtu wa Iceland aliyeandika habari za wafalme hao karibu na mwaka 1230, asema kwamba Håkon hakuipiga marufuku sikukuu yao. Aliamuru jol ianze siku moja na Noeli ya wakristu, na kila mtu awe na kipimo chake cha pombe, na kazi zisimame muda wote pombe inapodumu.

Lakini tusidhani kwamba neno hili lilikwenda bila matata. Snorri asimulia tena kwamba wakulima wa Trøndelag walimlazimisha mfalme kukaa nao katika karamu ya matambiko. Alipopewa pembe ya kunywea, alifanya juu yake ishara ya msalaba. Wakulima wakanung'unika. Basi mkuu mmoja, Sigurd, rafiki wa mfalme, akawatuliza kwa kusema: «Amefanya ishara ya nyundo ya Thor,» yaani mungu wao. Snorri aliandika miaka karibu 300 baada ya mambo hayo, basi tusishike kila neno lake kama tunavyoshika daftari la ubatizo. Hata hivyo hadithi yake yaonyesha shida ambayo kila mwalimu wa dini anaijua: mkono mmoja unafanya ishara moja, na macho ya watu yanaona mbili.

Sheria ya Gulating

Dini ilipokwisha kushika mizizi, watu wa pwani ya magharibi walikusanyika kila mwaka katika baraza kubwa, liitwalo Gulating. Sheria zao zikaandikwa, na kitabu chake kilicho bora kimehifadhiwa tangu karibu na mwaka 1250. Katika sura ya dini mna maneno ya kushangaza juu ya pombe.

Sheria yasema kwamba wakulima, wasiopungua watatu pamoja, wapike pombe ya ushirika kabla ya sikukuu ya Watakatifu wote, kila mmoja akileta kipimo kwa ajili yake mwenyewe na kipimo kwa ajili ya mke wake. Tena kwa Noeli, mume na mke wapike pombe kwa kimea cha kipimo kilekile, na usiku mtakatifu waibariki, wakimshukuru Kristu na Bikira Maria kwa kuomba mwaka mwema na amani. Asiyefanya hivyo alitozwa fidia kwa askofu. Na aliyekaa miaka mitatu bila kuitimiza sheria hii, akashindwa katika hukumu, alinyang'anywa mali yake yote, nusu kwa mfalme na nusu kwa askofu. Aliweza kuungama na kufanya kitubio, akabaki. Akikataa, alipaswa kuhama nchi.

Kwa nini ukali mkubwa namna hii kwa ajili ya pombe? Tuangalie vizuri yale maneno «wasiopungua watatu». Pombe hiyo haikuwa ya mtu kujifungia na kulewa peke yake. Ilikuwa alama ya kwamba jirani anakaa na jirani, na kwamba ahadi zao zina mashahidi. Kwa sababu hiyo kila jambo kubwa la maisha lilikuwa na pombe yake. Mtoto akizaliwa, kulikuwa na pombe ya mtoto. Neno barsel, ambalo hata leo hutaja siku za uzazi, latoka huko. Mtu akifa, kulikuwa na pombe ya matanga, na hapo zamani mrithi alikalia kiti cha baba yake mbele ya wote. Hata leo Wanorwei huita mkutano wa baada ya mazishi gravøl, maana yake pombe ya kaburi.

Jinsi walivyopika

Wasomaji wetu mama watataka kujua walipikaje. Wataona kwamba kazi yenyewe si ngeni kwao.

Shayiri ililowekwa mtoni ndani ya gunia siku mbili tatu, ikatandazwa mpaka ikaota, ikakaushwa kwa moto, ikasagwa. Hicho ndicho kimea. Maji yalichemshwa pamoja na matawi ya mti uitwao einer, mti mdogo wenye majani kama sindano na harufu kali, ndugu ya mtarakwa wa milima ya Kenya. Maji hayo yalimwagwa juu ya kimea katika pipa la mbao, yakaachwa muda. Kisha yakachujwa polepole kupitia chombo ambacho chini yake wametandika matawi ya einer. Yaliyotoka yalikuwa matamu kama togwa. Katika mabonde mengi hayakuchemshwa tena. Lakini katika Voss waliyachemsha saa nyingi, mpaka rangi ikawa nyekundu nyeusi.

Mara nyingi mapishi ya nyumba moja yalikuwa ya litri 100 au 150 tu, kwa sikukuu moja. Mahali pengine mpishi alikuwa mama wa nyumba, mahali pengine ni baba. Walichora msalaba juu ya pipa. Wengine walipiga kelele kubwa wakati wa kutia chachu, ili pombe ipate nguvu. Na siku ya kuitoa pombe katika pipa la kuchachukia, majirani walikuja kuionja wakiwa wa kwanza.

Chachu isiyonunuliwa

Sasa twafika kwenye kiini cha habari yetu, nacho ni chachu. Wanorwei wa magharibi waliiita kveik, neno lenye asili moja na neno la «hai». Baada ya kila pombe walichukua chachu, wakachovya ndani yake pete ya majani makavu au gogo lililotobolewa matundu, wakalitundika likauke. Chachu ilikaa hivyo miezi mingi. Sikukuu nyingine ikifika, waliirudisha katika togwa lenye joto la maziwa, nayo ikaamka.

Hayo waliyafanya kabla Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, hajaandika kitabu chake juu ya bia mwaka 1876. Baadaye, mwaka 1883, Emil Christian Hansen wa kiwanda cha Carlsberg huko Danmark alifaulu kukuza chachu safi ya mbegu moja. Tangu hapo viwanda vikafuata njia hiyo. Lakini chachu ya wakulima ilikuwa mbegu nyingi pamoja. Je, ikiharibika? Mtu alikwenda kwa jirani na chombo chake, akapewa bure. Na jirani naye siku nyingine alikuja kwake. Basi chachu ya bonde lote ilikuwa kama moto: ukizima kwangu, unawaka kwako.

Kupotea na kupatikana

Dini ya Katoliki ilianguka Norwei wakati wa mageuzi ya Waluteri. Askofu mkuu wa mwisho, Olav Engelbrektsson, alikimbia mwaka 1537. Lakini pombe ya Noeli ilibaki nyumbani. Adui zake walikuja baadaye sana, katika karne ya 19: kahawa, bia ya kiwanda, chachu ya dukani, na vyama vya kupinga ulevi. Vyama hivi hatuwezi kuvilaumu sana, maana pombe kali ya kukenekwa ilikuwa imewaumiza watu wengi. Lakini desturi njema na mbaya zilifagiliwa kwa ufagio mmoja.

Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Norwei walipeleka maswali vijijini juu ya upikaji wa pombe, na wazee wakayajibu kwa maandishi. Odd Nordland akayatumia katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1969. Wengi walidhani hayo ni maneno ya mwisho ya mtu anayekufa. Sivyo. Katika Voss, Hardanger na Sunnmøre familia chache zilikuwa zinapika bado, bila kujua kwamba wanalinda hazina. Lars Marius Garshol, mtu wa Oslo, akawatembelea, akaandika habari zao. Chachu ilipelekwa kwa wataalamu, na mwaka 2018 wachunguzi wa Guelph, nchi ya Kanada, pamoja na wenzao, walitangaza kwamba kveik ni ukoo wa peke yake kati ya chachu za bia, na kwamba yaweza kufanya kazi katika joto la digrii 40, ambapo chachu nyingine za bia hushindwa. Sasa watu wa nchi nyingi huitumia.

Lakini kuna neno moja la kusikitisha. Watu wa Stjørdal wanatengeneza kimea chao wenyewe mpaka leo, lakini chachu yao ya asili imepotea, nao hutumia chachu ya mkate. Watu wa Voss wameilinda chachu, lakini wengi hununua kimea. Hakuna bonde lililohifadhi yote. Kila mmoja alidhani jirani yake anakumbuka.

Jibu letu

Siku ya pili tulikwenda kwa yule mama. Tulimwambia kwamba hata Rituale Romanum, kitabu cha kale cha baraka za Kanisa, mna baraka ya bia; basi kitu kinachoweza kubarikiwa si dhambi kwa chenyewe. Ulevi ndio dhambi, na anayeuza mpaka watoto wa mwenzake wakalala njaa atajibu mbele ya Mungu. Kisha tukamwuliza: «Mama, kati ya binti zako, nani anajua kuipika?» Alinyamaza. Halafu akasema: «Hakuna. Hawakuuliza, nami sikuwaambia.»

Tulimwomba apike chungu kimoja, wala si viwili, na mjukuu wake mkubwa awe kando yake tangu kuloweka ulezi mpaka kuchuja. Baada ya Misa ya Noeli tulipita kwake. Kata ya kwanza aliipeleka kwa jirani ambaye hawakuwa wamesemezana tangu mavuno. Na yule msichana alikuwa na daftari la shule mapajani, ameandika siku, vipimo na majina ya majani, kwa mkono wake mwenyewe.