Stanton, Alysa
Alysa Stanton (amezaliwa takriban mwaka 1964, Cleveland, Ohio) ni Mmarekani mweusi wa kwanza wa kike kuwa rabi. Alilelewa katika Ukristo wa Kipentekoste, akaingia Uyahudi mwaka 1987 baada ya kusafiri kila wiki kutoka Fort Collins hadi Denver kusoma kwa rabi.

Baadhi ya weusi wenzake walimwona amewatupa mkono, na kwa Wayahudi nako wapo waliomtilia shaka. Kusimama kwake katikati ya pande hizo mbili kunastahili heshima kuliko hata cheo chake cha urabi.

Mtaalamu huyu wa ushauri nasaha alianza masomo ya urabi Jerusalem huku akimlea peke yake binti aliyemwasili. Alitawazwa Juni 2009 katika Hebrew Union College, Cincinnati, kisha akaongoza sinagogi la Bayt Shalom, Greenville, North Carolina, hadi 2011.